Barua kwa Mhariri: Msituondoe wodini, tulazimisheni tujitambulishe

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu yule msomaji aliyelalamika kwamba mzazi wake alipolazwa, kila asubuhi kundi la wanafunzi wa udaktari lilikuwa linamzunguka kitandani, wanamfunua, wanamminya tumbo mmoja baada ya mwingine, wanaondoka hata asante hawasemi, akamalizia kwa kusema wanafunzi tuondolewe wodini tukajifunzie kwenye midoli. Mimi ni mmoja wa hao wanaolalamikiwa. Niko mwaka wa nne, sasa hivi nazunguka wodi ya magonjwa ya ndani na kabla ya hapo nilipita upasuaji na leba, kwahiyo hapa naongelea kitu ninachokiona kila siku, sio cha kuhadithiwa. Na niseme mapema kabisa, alivyoeleza jinsi mzazi wake alivyotendewa ni kweli tupu, sibishi hata nukta. Ila hapo kwenye kutuondoa, hapo hapana, na naomba anisikilize.

Kwanza wasomaji mjue raundi inavyokuwa ukiwa upande wetu, maana najua ukiwa umelala pale inaonekana kama umevamiwa. Mbele anakuwa daktari bingwa, nyuma yake marezidenti, yaani madaktari wanaosomea ubingwa, halafu maintani, madaktari wapya walio kwenye mafunzo ya kazi, na mafaili, sista wa wodi na kitabu chake, halafu huko mwisho kabisa ndo sisi tumesukumana, wa mbele anasikia, wa nyuma anaona migongo ya wenzake tu. Mwanafunzi aliyegawiwa kitanda hicho ndo anaprizenti kesi, anaanza umri, jinsia, kilichomleta, ameanza lini, presha ngapi, joto ngapi, na mgonjwa mwenyewe yupo pale pale anasikiliza habari zake zinavyosimuliwa mbele ya watu asiowajua. Nimeshaona mzee akijaribu kurekebisha, "hapana, sio wiki mbili, ni tangu mwezi uliopita," akatulizwa kwa kuinuliwa mkono, kwasababu muda ule bingwa alikuwa anamsikiliza mwanafunzi. Na mzee ndo alikuwa sahihi jamani, ni ugonjwa wake!

Halafu yanaanza maswali. Taja sababu za maji kujaa kwenye kifua. Kimya, watu wote wanaangalia viatu. Anageukiwa huyu, anakosa, anageukiwa yule, anataja mbili, anaambiwa rudi kasome, na muda wote huo pazia liko wazi na shuka limeshushwa mpaka kiunoni. Sio kwamba sisi ni makatili. Ukiwa umekaa pale unaomba Mungu zamu ya swali isikufikie, mgonjwa humwoni kabisa, unamwona mwalimu. Siwatetei wenzangu, naeleza tu kwanini vijana wenye malezi mazuri kabisa, wanaoamkia wazee vizuri wakiwa nje, wakishafika kitandani wanakuwa kama hawakulelewa.

Na inawezekana kufanya tofauti, nimeona kwa macho yangu. Kuna bingwa mmoja yeye kesi anaitaka iprizentiwe kwenye korido, maswali yake ya kutukaanga anayamalizia huko huko, halafu anaingia na wanafunzi wawili tu, anavuta kiti, anakaa, anaanza kuongea na mgonjwa kabla hajagusa kitu. Wengine tunabaki nje tunasubiri zamu ya kitanda kinachofuata. Kwa kweli raundi yake haichelewi kuliko za wengine, nadhani hata inawahi maana mgonjwa akishasikilizwa hana haja ya kumvuta koti kila anayepita.

Sasa nije kwenye kinachonisumbua zaidi, ambacho yule msomaji hakukigusa. Hilo koti.

Siku ya kwanza ukivaa koti jeupe ukatundika stetoskopu shingoni, hujajua chochote bado, lakini kuanzia getini mpaka wodini umeshaitwa daktari mara nyingi mpaka masikio yanazoea. Wagonjwa wanakuita daktari, ndugu wanakuita daktari, hata mabingwa wengine wakikutambulisha wanasema "hawa ni madaktari wenzangu wadogo", wanaona ni heshima. Na mtu ukiitwa hivyo ukiwa na miaka ishirini na kitu inapendeza bana, nani atakataa. Wengi tunanyamaza. Hatudanganyi kwa mdomo, koti ndo linatudanganyia. Mgonjwa anakuuliza, "daktari, nitatoka lini?" au "hivi vipimo vya jana vinasemaje?" na wewe majibu umeyaona kwenye faili, unayajua, ila huna mamlaka ya kumwambia, basi unaishia kusema "tutaangalia, tutaangalia" mpaka anachoka kuuliza.

Huko Uingereza alikuwepo daktari wa wazee anaitwa Kate Granger. Aliugua saratani yeye mwenyewe, na mwaka 2013 akiwa amelazwa akagundua kwamba wengi wanaomhudumia hawamtajii hata majina yao, wanafika wanafanya yao wanaondoka. Akaanzisha kampeni mtandaoni ya kuwakumbusha watu wa afya waseme jina lao kwanza, ikasambaa nchi nyingi sana. Alifariki mwaka 2016. Fikiria, daktari kabisa anayeijua hospitali nje ndani, ilibidi alale yeye kitandani ndo aone hilo, sasa mgonjwa wa kawaida asiyejua hata tofauti ya intani na bingwa atajuaje kwamba huyu aliyemminya tumbo ni mwanafunzi?

Nitoe mfano mmoja wa kwangu. Kuna siku mgonjwa alibadilika ghafla mchana, mapigo yakapotea, tukaitwa wote. Kwenye kukandamiza kifua wanafunzi huwa tunapangwa foleni kwasababu kazi ile inachosha sana, unatakiwa kukandamiza mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, na kila dakika 2 mnapokezana kwasababu aliyechoka anabonyeza juu juu tu bila kujijua. Kwenye mdoli nilikuwa nafanya vizuri. Kwa mtu ni tofauti, unasikia mbavu zinalia chini ya kiganja na unaambiwa endelea, usiache. Tukaendelea sana. Mwishowe daktari akaangalia saa akasema muda, akauandika, akavua glovu, na palepale akaitwa kitanda kingine kwa mgonjwa mwingine ambaye presha yake ilikuwa inashuka. Watu wakatawanyika, kila mmoja na lake, ndo kazi ilivyo.

Mimi nikatoka nje nikanywe maji. Mlangoni ndugu zake wamesimama. Binti yake ameshika mfuko wa plastiki una kandambili za baba yake, akaniona na koti, akanifuata, "daktari, anaendeleaje?"

Mhariri, mwanafunzi haruhusiwi kutoa taarifa ya kifo. Na ni sawa kabisa asiruhusiwe, ile ni kazi ya mtu anayeweza kujibu swali linalofuata, na linalofuata, kwanini, ilikuwaje, mlimpa dawa gani. Lakini kudanganya "anaendelea vizuri" nako siwezi. Nikamwambia mimi ni mwanafunzi, sio daktari, namfuata daktari aliyekuwa naye sasa hivi naye atakuja kuongea na nyinyi, nikamwomba wakae kwenye benchi. Akaniangalia akasema, "kumbe wewe sio daktari?" wala hakuwa na hasira, ni kama mtu anayehesabu upya mambo, maana kwa siku kadhaa alikuwa akiniuliza mimi maswali yake asubuhi kwa sababu ndo nilikuwa nakaa pale muda mrefu. Nikamfuata daktari, yuko na mikono kwenye mgonjwa mwingine, hawezi kutoka. Nikarudi nikakaa nao. Sikuwa na cha kusema na walishaanza kuelewa kwa kuniangalia tu. Daktari alipokuja akaongea nao vizuri, kwa upole, sina lawama kwake hata kidogo. Ila kusubiri kule, mwenye mfuko wa kandambili mkononi, nusu ya uzito wake ulitokana na kwamba hakuna aliyewahi kuwaambia watu wale, tangu siku wanamlaza baba yao, kwamba huyu ni nani na yule ni nani na swali gani aulizwe nani.

(Na baada ya hapo hakuna aliyeniuliza mimi niko salama au la, nikaenda kwenye lekcha ya saa nane. Azimio la Geneva, kile kiapo cha madaktari duniani, lilirekebishwa mwaka 2017 likaongezewa kwamba daktari atunze na afya yake mwenyewe. Tunakariri vizuri tu. Tuyaache hayo, barua itakuwa ndefu.)

Kuhusu kuombwa ruhusa sasa. Yule msomaji kasema mzazi wake hakuulizwa. Mimi nasema hata akiulizwa, angalia anavyoulizwa. Daktari ameshaingia na wanafunzi wake sita, wameshajipanga, mmoja ameshavaa glovu, ndo mgonjwa anaambiwa "hawa ni wanafunzi, hakuna shida eti?" Hivi hapo nani atasema kuna shida? Umelala, umevaa gauni la hospitali halifungi nyuma, unaumwa, huyo anayekuuliza ndiye atakayekutibu kesho. Hiyo sio kuomba, ni kutoa taarifa kwa sauti ya kuomba. Kuomba kwenyewe ni mtu mmoja aingie kabla, wanafunzi wakiwa bado nje, aseme nje kuna wanafunzi wangapi, wanataka kukupima nini, ukikataa matibabu yako yako palepale, halafu asubiri jibu na akubali jibu.

Na kwa vipimo vya sehemu za siri hili sio la mjadala. Nilipokuwa leba nilijifunza kupima njia, na kila mama niliyempima nilimwomba mwenyewe nikijitaja kwamba ni mwanafunzi, wengine wakakataa, nikatoka. Sista mmoja wa leba pale ndo aliyetufundisha hivyo, sio mhadhiri yeyote, alikuwa anasimama mlangoni anakuuliza "umemwomba?" na ukisema daktari amesema niingie anakurudisha. Kuna sehemu duniani wanafunzi wamekuwa wakifundishwa kupima nyonga kwa ndani wanawake waliolala kwa dawa za usingizi thieta bila wao kujua, na Marekani ilibidi mwaka 2024 wizara yao ya afya itoe mwongozo kwa hospitali kwamba ruhusa ya mgonjwa ipatikane kwanza, kwa maandishi na kwa kumweleza, kabla mwanafunzi hajafanya vipimo vya namna hiyo. 2024 jamani, sio enzi za babu.

Sasa kwanini nasema msituondoe?

Kwasababu hilo lilishajaribiwa. Zamani shule nyingi za udaktari, hasa Marekani, mtu alikuwa anakaa ukumbini anasikiliza mihadhara, anakariri, anafanya mtihani, anapewa cheti, mgonjwa wake wa kwanza anamgusa akiwa tayari anaitwa daktari. Mwaka 1910 mtaalamu wa elimu wa huko Marekani, Abraham Flexner, akatoa ripoti baada ya kutembelea shule 155 za Marekani na Canada, akazianika vibaya sana, maabara hazipo, hospitali za kufundishia hazipo, nyingi zikafungwa baadaye. Mfano mzuri aliokuwa anaupigia debe ni shule ya udaktari ya Johns Hopkins huko huko Marekani, ambako daktari William Osler alikuwa ameshaanza kuwaingiza wanafunzi wodini wajifunze kwa wagonjwa badala ya kwenye ubao. Mfumo tunaoutumia leo, wa kuzunguka wodi kwa wodi, umetokea huko. Kwahiyo ukituondoa hutakuwa umemlinda mzazi wako, utakuwa umehamisha tu siku ya kwanza ya kugusa mgonjwa kutoka kwenye mwaka wa nne, ambapo kuna watu watatu juu yangu wananiangalia, kwenda kwenye usiku ambao niko peke yangu kwenye zamu.

Midoli ni mizuri, siikatai. Kanyula ya kwanza, kale kamrija ka kupitishia dawa kwenye mshipa, nimeweka kwenye mkono wa plastiki na naona kila mtu angefanya hivyo. Lakini mdoli hauna sababu za kutokunywa dawa.

Hapa nieleze kitu. Kuna bibi alilazwa wodini kwetu kwa moyo kushindwa kusukuma damu vizuri, miguu imevimba, usiku halali ila akikaa. Sio mara yake ya kwanza, alishalazwa, akapungua maji, akatoka, akarudi vile vile. Kwenye faili mtu ameandika kwamba mgonjwa hafuati dawa, na ukishaandikwa hivyo imekwisha, kila anayesoma faili anaanza na wewe kwa kukugombeza. Mimi nilipewa kitanda chake nichukue historia. Na mwanafunzi jamani kitu kimoja alichonacho ambacho hospitali nzima haina ni muda. Intani ana wodi nzima kichwani mwake, bingwa ana kliniki inamsubiri, mimi nina mgonjwa mmoja na daftari.

Nikamwamkia, nikajitaja, nikamwambia bibi mimi ni mwanafunzi, naomba tuongee ukichoka nifukuze. Akacheka. Tukaongea mambo mengi sana ambayo hayamo kwenye daftari, mpaka tukafika kwenye dawa, nikamwomba anitolee anionyeshe anavyozinywa, sio anieleze, anionyeshe. Akatoa mfuko, akazipanga juu ya shuka, hii ya presha, hii ya moyo, hii ndogo nyeupe akaisukuma pembeni kwa kidole. Hiyo ndogo ilikuwa furosemaidi, dawa ya kukojoza, ile inayotoa maji mwilini. "Hii mjukuu wangu nainywa, ila sio kila siku." Kwanini bibi? Kumbe yeye dawa zote alikuwa anazinywa kwa mkupuo mmoja wakati wa kulala ili asisahau, maana aliambiwa mara moja kwa siku na hakuna aliyemwambia saa ngapi. Sasa ile dawa ukiinywa usiku, usiku kucha unaamka kukojoa. Na choo kipo mbali na anapolala, gizani, alishaanguka siku moja akaumia nyonga. Basi akakaa akapiga hesabu zake, akaona kuanguka ni kubaya kuliko kuvimba, akawa anairuka.

Ni uamuzi wenye akili kabisa ule! Mtu ameandikwa mkaidi kumbe alikuwa anajilinda asivunjike. Dawa ikahamishiwa asubuhi, akaelekezwa apime uzito kila siku akishaamka na kukojoa, na akiona umepanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3 asisubiri avimbe, aje. Haikuhitaji kipimo chochote wala dawa mpya. Na wala sio kwamba mimi nina akili kuliko aliyeandika lile neno kwenye faili, yeye hakuwa na muda wa kukaa kitandani mpaka mfuko ufunguliwe.

Vitu vya namna hii vipo vingi. Kingine cha haraka haraka, angalia chati za wagonjwa sehemu ya kupumua, utakuta 20, 20, 20 kitanda hadi kitanda, kana kwamba wodi nzima inapumua kwa pamoja. Watu wanapima presha kwa mashine, joto kwa mashine, kupumua kunahitaji usimame uangalie kifua dakika nzima, na hakuna mwenye dakika. Mtu mzima mzima kabisa anapumua mara 12 hadi 20, na mgonjwa akianza kuzidiwa mara nyingi hapo ndo panapobadilika mapema, kabla hata presha haijashuka. Mwanafunzi ndo anaweza kusimama hiyo dakika. Mwenzangu alisimama, akahesabu 34 kwa mgonjwa aliyeandikwa 20, akaenda kumsumbua rezidenti mpaka akaja.

Ili nisionekane natetea upande mmoja, niseme pia kwamba hofu ya yule msomaji ina historia nyuma yake. Vienna mwaka 1847, hospitali moja ilikuwa na wodi mbili za kujifungulia, moja ya kufundishia wanafunzi wa udaktari, nyingine ya wakunga, na kina mama walikuwa wanakufa kwa homa ya uzazi zaidi kwenye ile ya wanafunzi mpaka wengine wanalia wasipelekwe huko. Daktari Ignaz Semmelweis akaja kuona kwamba wanafunzi na madaktari wanatoka kupasua maiti wanaenda moja kwa moja kupima kina mama, akawalazimisha kunawa mikono kwa maji ya klorini, na vifo ambavyo mwezi wa nne mwaka huo vilikuwa kama asilimia 18 vikashuka hadi kama asilimia 2 ndani ya miezi michache. Sisi ndo tulikuwa tunaua, kwa mikono yetu. Na dawa yake haikuwa kufunga shule, ilikuwa beseni.

Leo Shirika la Afya Duniani lina nyakati tano za kunawa, kabla hujamgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi kama kuweka kanyula, baada ya kugusana na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Sekunde 20 hadi 30 ukitumia kitakasa mikono. Mtihani wa hizo nyakati tano wanafunzi tunafaulu wote. Kasheshe ni ukiwa nyuma ya mkubwa wako anatoka kitanda cha 4 anaenda cha 5 na mikono ile ile, wewe ndo mwenye kichupa cha spiriti mfukoni, utasema nini? Mimi nimejifunza kukitoa, kunawa mwenyewe, halafu kukishika kwa kumwelekezea kama namkaribisha. Wengi wanapokea. Mmoja aliniangalia jicho hilo.

Ndugu mnaokuja kuona wagonjwa, nyinyi mna nguvu kuliko sisi hapo. Mwanafunzi akimwambia bingwa anawe ni utovu wa nidhamu, mgonjwa akisema "daktari samahani, umenawa?" hakuna wa kumfelisha mtihani.

Mengine ya upande wetu nayapita. Sindano kutuchoma, ambapo kila mwanafunzi anatakiwa ajue kabla hajaingia wodini kwamba asafishe kwa maji na sabuni, aripoti muda huohuo, na dawa za PEP, zile za kuzuia VVU, zianze haraka, zisivuke saa 72, azimeze siku 28, na chanjo ya homa ya ini B awe ameshamaliza zamani. Kuna wanaoficha kwa kuogopa kugombezwa, na hilo ni la hatari kuliko sindano yenyewe. Kufokewa mbele ya mgonjwa nako, sawa, tutakua, ila mjue mgonjwa aliyeona mwanafunzi anafokewa naye anaogopa kuuliza swali lake.

Ninachoomba ni kidogo na hakina gharama ya kutisha. Vitambulisho vyetu vina picha na namba ya usajili kwa maandishi ambayo hata mimi mwenye macho mazima siyasomi bila kusogeza, viandikwe MWANAFUNZI kwa herufi kubwa zinazosomeka na mtu aliyelala. Mabingwa waache kututambulisha kama madaktari wadogo, tunashukuru kwa heshima ila bado hatujaifikia. Siku mgonjwa anapolazwa, ndugu waelezwe nani ni nani kwenye timu hiyo na maswali ya hali ya mgonjwa yaende kwa nani.

Na la mwisho liwaendee wahadhiri wetu. Tuna logibuku, kila tulichofanya kinajazwa, kanyula, kuchukua damu, kushona kidonda, kuzalisha, halafu daktari anasaini, bila saini mtihani hukai. Wanafunzi tunakimbizana na hizo saini kuliko kitu chochote, mtu yuko tayari kulala hospitalini apate moja. Sasa kwenye kurasa zote zile hakuna mstari hata mmoja unaouliza kama mgonjwa aliombwa. Ongezeni mstari huo, na saini yake msiwape madaktari maana wengi wanasaini mwisho wa wiki kwa mkupuo bila kuangalia, wapeni masista wa wodi, wao ndo wanakuwepo na wanajua nani alibisha hodi na nani alivuta tu pazia.

Ni mimi msomaji wako,
Mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa nne
(jina langu mhariri unalo, naomba ulihifadhi)